Alipokuwa Mzima Mno

Karakana yetu inashona sare za shule, na mwezi mmoja kabla shule hazijafunguliwa hakuna anayekaa. Hata chai tunakunywa tumesimama. Mwaka ule tulikuwa watu ishirini na watatu katika chumba kirefu cha bati, cherehani zimepangwa safu mbili, na mbele kabisa, karibu na mlango, ilikuwepo meza ya kukatia. Hapo ndipo aliposimama dada yangu.

Dada alikuwa mkataji. Ukitandaza vitambaa arobaini kimoja juu ya kingine na kuchora juu yake kwa chaki, anayeshika mashine ya kukatia anatakiwa awe na mkono uliotulia, maana akikosea, amekosea mara arobaini. Dada hakuwa mtu wa kukosea. Mimi mdogo wake nilikuwa nashona mikono ya mashati kwenye safu ya pili, na kila kipande kilichonifikia kilikuwa kimepita kwake kwanza. Karakana nzima walimwita Umeme.

Jina hilo alipewa msimu ule ule, na aliyempa ni bosi. "Huyu si mtu, huyu ni umeme," alisema asubuhi moja, akishangaa rundo la vipande lililokuwa limefika kiunoni hata kabla ya saa nne. Watu wakacheka, jina likaganda. Dada mwenyewe alilipenda. Alifika kabla mlinzi hajafungua geti, akaondoka wa mwisho, na katikati hapo hakunyamaza hata dakika moja. Alisimulia huku anakata, akaimba huku anakata, akamkosoa fundi wa ovaloki, ile cherehani ya kufunga kingo za kitambaa, huku anakata, na chaki yake haikupinda.

Ni lazima niseme kwamba miezi miwili tu kabla ya hapo, Umeme huyo huyo alikuwa hawezi kuinuka kitandani.

Alilala miezi mitano. Sisemi alilala usingizi, maana usingizi hakuupata. Alilala tu, uso ukutani, nywele zikashikana, chakula kikapoa kwenye kiti pembeni yake. Mama alianza kwa kumbembeleza, akaja kumfokea. "Wenzako wana shida kuliko wewe na wanaamka," alimwambia. Dada alivuta shuka kichwani. Majirani walikuwa na dawa zao: mmoja akasema ni mawazo, aolewe, mwingine akasema kuna mkono wa mtu, tusihangaike na hospitali. Mimi niliamini ni uvivu. Sikulisema, lakini nililiamini, kwa sababu nilikuwa nikirudi kazini mgongo unawaka na kumkuta yuko vilevile nilivyomwacha.

Mwishowe nikampeleka kwenye zahanati ya mtaani kwetu. Daktari alimuuliza maswali kama matano hivi. Unalala? Unakula? Unajisikia kulia? Akasema ana sonona, akaandika vidonge. Yote yalichukua muda mfupi kuliko tuliokaa kwenye foleni. Wiki ya tatu ya vidonge, dada aliamka alfajiri, akaoga, akaosha mapazia yote ya nyumba na kupika chai ya watu kumi wakati tuko watatu. Mama alilia kwa furaha. "Dawa imempata," alisema, na mimi nikaitikia. Nani angefikiri vinginevyo? Mtu wetu alikuwa ametoka kaburini.

Ndivyo alivyorudi kazini, na ndivyo alivyokuwa Umeme.

Sasa nikikumbuka, dalili zilikuwa zimejaa tele, ila zote zilikuwa za kupendeza. Alikuwa analala kwa saa mbili tu na hachoki. Aligawa jozi zake mbili za viatu kwa wasichana wanaoshona vifungo. Alimwambia bosi namna ya kupanga upya karakana yote, na bosi akafuata nusu ya aliyosema, na ikafaa. Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichonitia wasiwasi, nacho ni macho yake. Hayakutua mahali. Ukizungumza naye, yalikuwa yameshakupita, yanatafuta kitu nyuma yako. Lakini mtu huwezi kwenda kwa daktari ukasema, dada yangu ana furaha na anafanya kazi sana.

Jumanne ya wiki ya mwisho, nilisubiri vipande vya mashati tangu asubuhi, havikuja. Nikanyanyua kichwa. Fundi wa ovaloki naye alikuwa amesimama. Kule mezani dada alikuwa ametandaza bluu nzito, ile ya sketi, majora yote tuliyokuwa nayo, na alikuwa anakata umbo ambalo sikuwahi kuliona. Halikuwa sketi wala shati. Lilikuwa kama gunia lenye mabawa.

"Dada, hii ni nini?"

"Sare moja," alisema bila kusimama. "Moja kwa watoto wote. Haina namba. Anavaa wa darasa la kwanza, anavaa wa darasa la mwisho, mnene, mwembamba. Kwa nini hatukuwaza hivi siku zote? Tunapoteza maisha yetu kwa vipimo."

"Zima mashine kidogo."

"Wewe shona. Nakuletea."

Bosi alitoka ofisini. Alipoona kitambaa alishika kichwa kwa mikono miwili, na dada akadhani amefurahi. Akapanda juu ya meza ili aeleze vizuri. Alizungumza haraka, neno linalikanyaga neno, akaanza na watoto, akaingia kwenye mvua, akaja kwa marehemu baba, akarudi kwa watoto, na mashine ya kukatia ilikuwa bado inanguruma mkononi mwake. Hakuna aliyethubutu kusogea. Mimi ndiye niliyetambaa chini ya meza nikachomoa waya.

Kisu kikasimama. Halafu kijana mmoja wa pasi akasema, "Umeme umepiga shoti."

Walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, nadhani. Walikuwa wameogopa, na kicheko ndicho kilichokuwa karibu. Dada naye alicheka nao. Hilo ndilo lililonichoma. Bosi alisema amelewa, nimpeleke nyumbani, na asirudi mpaka aitwe.

Siku tatu zilizofuata sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka dada akizunguka mtaani na utepe wa kupimia shingoni, anapima watoto wa watu bila kuomba, anaingia nyumba za watu bila hodi. Nakumbuka sauti yake ikikauka lakini maneno hayakomi. Siku ya Ijumaa mchana alikwenda kusimama katikati ya njia panda, akanyoosha mikono kusimamisha magari ili awapime madereva, na lori la mchanga lilifunga breki hatua mbili tu kutoka kifuani kwake. Dereva alishuka akiacha mlango wazi. Dada akamwambia, "Wewe una mabega mapana, simama wima."

Mama akampigia simu mjomba.

Mjomba alikuwa askari magereza kabla ya kustaafu, mtu wa maneno machache na mashati yaliyonyooka. Alifika, akamtazama dada akizunguka uani, akauliza kama tuna kamba. Hatukuwa na kamba. Tulikuwa na vitambaa. Mama alitoa mabaki ya sare niliyokuwa nikileta nyumbani kwa kufutia vumbi, na mjomba akayasokota mawili mawili.

"Mtamwumiza," nilisema.

"Gari litamwumiza zaidi," alijibu. "Shika miguu."

Nikaishika. Nataka hili lijulikane, kwa sababu watu wakisikia habari hii huuliza nani alimfunga, kana kwamba ni mtu mmoja. Mjomba alifunga, mama alishikilia mlango, mimi nilishika miguu. Dada alikuwa na nguvu ambayo sikuwahi kuijua, kisha ghafla akaacha kupigana, akanitazama, na macho yake yakatua kwa mara ya kwanza tangu arudi kazini. "Hata wewe?" aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Alikaa chumba cha nyuma, pamoja na magunia ya mkaa na baiskeli mbovu, siku mbili. Mjomba alisema itampita, gerezani aliwaona wengi wa namna hiyo, wakitulizwa wanatulia. Mama alikuwa akiingia na uji na kutoka nao. Jirani wa mkono wa mtu alikuja kusema hakuwa amekosea. Mimi nilikwenda kazini Jumamosi, nikashona mikono ishirini ya kushoto na hakuna wa kulia, nikarudishiwa yote.

Jumapili asubuhi niliingia kumpa maji. Vifundo vya miguu yake vilikuwa vimevimba kuzunguka kitambaa, ngozi inang'aa. Alikuwa bado anazungumza, ila sasa kwa kunong'ona, midomo imepasuka. Nikachukua mkasi.

"Unafanya nini?" mjomba aliuliza mlangoni.

"Nampeleka hospitali kubwa."

"Kule kwa vichaa? Ukimpeleka, jina lake likishaandikwa halifutiki. Nani atampa kazi? Nani atakuoa wewe ukiwa na dada wa kule?"

"Mjomba, tazama miguu yake."

Akaitazama. Kisha akatoka, mzee wa watu, akaenda kutafuta gari. Sikumwelewa siku ile, na hatujawahi kulizungumza, lakini yeye ndiye aliyekaa kiti cha nyuma akimkumbatia dada njia nzima ili asifungue mlango.

Wodi ilikuwa na ukuta wa rangi ya maziwa na madirisha ya nondo. Walimpa dada sindano, akalala. Nesi aliyetuita kwenye meza yake alikuwa mwanamume wa makamo, miwani yake imeshikiliwa sikio moja kwa uzi mweusi. Alikuwa na jalada jipya, jembamba, na kalamu. Nikamweleza yote: kulala miezi mitano, vidonge, kuamka, sare isiyo na namba, lori. Aliandika kidogo tu. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, kabla hajalala hiyo miezi mitano. Alikuwaje?"

"Mzima kabisa."

"Mzima kiasi gani?"

Mama hakulielewa swali. Hata mimi.

"Nataka kujua," nesi alisema, "kama kuna kipindi alikuwa mzima mno. Mzima kupita nyinyi wote."

Uso wa mama ukachangamka, kwa sababu hatimaye alikuwa ameulizwa jambo la kujivunia. Akaanza kusimulia. Kuna mwaka dada alishona nguo za harusi za ukoo mzima kwa siku tisa, peke yake, bila kulala. Kuna mwaka alipaka nyumba rangi ndani na nje, akahamia kwa jirani akampakia ukuta bila kuombwa. Alipokuwa binti wa miaka kumi na tisa alitembea kwa miguu siku nzima kwenda kumsalimia shangazi, akafika anacheka, akageuza papo hapo. "Huyu mtoto akiamua kufanya kazi, nyumba nzima tunaona aibu," mama alisema.

Nesi alikuwa anaandika sasa, ukurasa umejaa, amegeuza.

"Na baada ya harusi ile?"

Mama akapunguza sauti. "Alichoka," akasema.

"Muda gani?"

"Kama… mvua zote mbili."

"Na baada ya kupaka rangi?"

Mama alikuwa ameanza kuona, na hakutaka. Alishika pindo la kanga yake akalikunja na kulikunjua. Nesi akaweka kalamu chini.

"Mama, ule nao ni ugonjwa. Ule wa kulala na ule wa kupaka rangi ni mmoja."

"Kufanya kazi ni ugonjwa?" Mama alisimama. "Mwanangu amekuwa mchapakazi tangu mdogo. Mnataka kuniambia hata yale mazuri yake ni maradhi? Basi ni lipi lililo lake?"

Nesi alivua miwani, akaufunga upya ule uzi. "Hilo atatuambia mwenyewe," alisema. "Akitulia."

Daktari wa wodi, mwanamke kijana aliyekuwa na haraka lakini hakukata maneno ya mtu, alisoma kile kilichoandikwa na kutueleza. Ni ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka. Mgonjwa akiwa chini, ndipo hufikishwa kwa daktari. Akiwa juu, watu humpigia makofi. Ndiyo maana yule wa zahanati aliona upande mmoja. Na vidonge vya sonona pekee, kwa mtu wa namna hii, vinaweza kumnyanyua na kumpitiliza. Nikakumbuka jina Umeme, na jinsi nilivyolitamka kwa majivuno kwa wateja.

Dada alitoka baada ya wiki nne. Alikuwa ametulia, amenenepa kidogo mashavuni, anakunywa maji kama anayetoka jangwani. Alikuwa na dawa mpya na kadi ya kurudi kupimwa damu. Mjomba alimletea kitambaa cha gauni, akakiweka mezani bila neno, akaondoka.

Kumrudisha kazini ilikuwa kazi. Bosi aliniita ofisini. "Mimi sina ubaya naye," alisema, "lakini ile mashine ina kisu. Je, akianza tena?"

"Ulikuwa unamsifu alipokuwa anaanza," nikamwambia. Sijui nilipata wapi ulimi ule. "Sote tulimsifu. Sasa tunajua. Nitakuwa nikimtazama."

Akakubali, ila si kwenye mashine. Akamweka kwenye vifungo. Dada hakulalamika. Wiki ya pili niligundua kwa nini: mikono yake ilikuwa inatetemeka. Haikuwa sana, lakini hata uzi haukuingia kwenye tundu la sindano kwa jaribio la kwanza wala la tatu. Wasichana aliowagawia viatu walimtungia uzi, wakimpa bila kumtazama, na yeye akipokea bila kuwatazama.

Asubuhi moja nyumbani nilikuwa natafuta kitana mezani kwake nikafungua mkebe wa dawa. Ulikuwa umejaa kuliko ulivyotakiwa.

Sikupiga kelele. Nilikaa kitandani, mkebe mapajani, mpaka alipotoka bafuni na taulo kichwani.

"Tangu lini?"

"Siku nane."

"Dada."

"Tazama." Akanyoosha mikono. Ilikuwa imetulia kama ubao. "Jana nimetunga sindano mwenyewe. Wewe hujui. Mnasema mmenirudisha, lakini mlichorudisha ni mtu wa kutungiwa uzi. Mimi ni mkataji. Wakiniondolea mkono, mnabaki na nani?"

"Na lori je?"

Aliketi kando yangu. Maji yalikuwa yanamdondoka shingoni. "Silikumbuki lori," alisema polepole. "Mnanisimulia, naona aibu, lakini silikumbuki. Nakumbuka ile sare. Naikumbuka ilivyokuwa nzuri. Unajua inavyouma, kuambiwa kitu kizuri kuliko vyote ulivyowahi kuwaza kilikuwa ni homa?"

Nilitaka kumwita mjomba, nilitaka kumziba pua nimmezeshe, na mkono wangu ulikuwa umeshaukamata mkebe. Kisha nikakumbuka chumba cha mkaa, nikamrudishia mkebe mkononi.

"Sikushiki miguu tena," nilisema. "Twende kwa yule nesi. Umwonyeshe mikono. Akisema hakuna njia, utaamua mwenyewe."

Alinitazama kama anayepima kitambaa. Siku hiyo hatukwenda kazini wote wawili.

Nesi hakumgombeza. Alimwambia anyooshe mikono, akamuuliza anafanya kazi gani, na aliposikia ni mkataji, akainuka kwenda kumwita daktari mwenyewe. "Ilitakiwa tukuulize hilo siku ya kwanza," alisema. Wakampima damu, wakapunguza kipimo cha dawa, wakambadilishia saa za kumeza. Wakamwambia mtetemo unaweza kupungua, unaweza usiishe. Hawakumwahidi zaidi ya hapo, na nadhani hiyo ndiyo sababu aliwaamini.

Haukuisha. Ulipungua. Mashine ya kukatia hajaishika mpaka leo, na anayeikamata sasa ni yule kijana wa pasi, aliyefundishwa na dada kwa miezi saba na kukaripiwa kila siku ya Mungu. Yeye dada huchora zile karatasi ngumu tunazofuata wakati wa kukata. Mstari akiuanza na mkono ukicheza, huusubiri, halafu huendelea. Hakuna anayemwita Umeme. Alimwambia bosi mbele ya watu kwamba jina hilo hatalijibu, na bosi akainamisha kichwa akasema sawa.

Nyumbani mambo hayajatulia hivyo. Juzi tukila, mama alisimulia jinsi mjomba alivyoketi juu ya miwani yake kanisani, na dada akacheka, akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi na mama tukaacha kutafuna. Tulitazamana. Dada akaliona hilo, akafuta macho.

"Sikilizeni," alisema. "Nisipolala siku mbili, niulizeni. Nikianza kugawa viatu, niulizeni. Lakini nikicheka, mama, msinipime."

"Tunakuogopea tu, mwanangu," mama alisema.

"Najua. Mimi pia najiogopea. Hata mimi nikicheka huwa najisikiliza. Sasa tukijisikiliza watu watatu, nani atakula?"

Mama akamwongezea chakula. Leo asubuhi nilimkuta dada ameshaamka kabla yangu, anapiga pasi blauzi yake na ya kwangu, anaimba kwa sauti ya chini. Swali lilinijaa mdomoni. Nikasimama pale mlangoni nikitazama mkono wake ukienda na kurudi, nikahesabu saa alizolala, nikazihesabu tena. Kisha nikavaa blauzi ikiwa bado ya moto, tukatoka pamoja kwenda kazini.